Kifurushi cha kusajili NGO: kwa Msajili wako vizuri, kwa kodi wametuacha njiani

Niseme mapema, mwenye haraka asihangaike kufika chini. Kwa kazi ya kuandaa katiba na kutufikisha kwenye cheti cha usajili nawapa hawa washauri wa ofisi ya kusajili NGO nyota nne kati ya tano. Kwa upande wa kodi nawapa moja, na hiyo moja ni kwa sababu simu wanapokea. Jina la ofisi silitaji. Haya yote nimeshawaambia wenyewe mezani kwao, na ofisi za namna hii zipo karibu kila mji mkubwa wa Tanzania Bara, zinauza kifurushi kilekile kwa maneno yaleyale. Kama umepewa bei na unajiuliza utie saini au usitie, maoni haya yanakuhusu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mweka hazina wa shirika dogo mkoani Morogoro. Tunasaidia watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kuelekea ndani. Tunawafuata wazazi vijijini, tunawapa nauli ya kuja kliniki wiki hadi wiki mtoto anapobadilishwa plasta, kisha tunafuatilia vile viatu vyenye chuma vya kuvaa usiku, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa na mguu unarudi kupinda. Kwa muda mrefu tulikuwa marafiki tu tunaochangishana. Alipojitokeza mfadhili wa maana akataka akaunti yenye jina la shirika, cheti na TIN (namba ya mlipakodi), tukaona mambo ya kuchangishana kienyeji yamefika mwisho.

Kifurushi kilikuwa shilingi laki nane, nusu mwanzoni na nusu cheti kikitoka, ada za serikali zikiwa juu yetu. Ndani yake kulikuwa na katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, wasifu wa viongozi, kupandisha nyaraka kwenye mfumo wa Msajili wa NGOs, TIN, na barua za kufungulia akaunti. Mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na "ushauri wa kodi". Nitafika huko.

Nianze na sifa, kwa sababu wanazistahili. Kabla ya kwao tulipita kwa wakala mwingine aliyetushauri tusajili kampuni isiyo na hisa kwa Sheria ya Makampuni. Alisema ni haraka na "kazi ni ileile". Hawa wa kwetu walikataa wazo hilo hapohapo na wakaeleza sababu. Zamani mashirika mengi yalipita njia hiyo, mengine yakapita kwenye Sheria ya Vyama au kwa wadhamini, na yote yakafanya kazi za NGO. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yakafunga uchochoro huo: ukitaka kufanya kazi za NGO Tanzania Bara, unasajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, na waliokuwa wamesajiliwa kwingine walipewa muda mfupi wa kuhama. Wakala anayekuuzia kampuni leo kwa kazi ya hisani anakuuzia kesi ya kesho. Zanzibar wana sheria yao, kwa hiyo wasomaji wa Unguja na Pemba hili la Bara lisiwachanganye.

Kisha wakatuuliza tunataka kufanya kazi ngazi gani: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Mwenyekiti wetu, Mungu ampe umri, akajibu bila kupepesa macho: kimataifa. Ana shemeji yake Muscat. Yule kijana anayeshughulikia katiba hakucheka, ingawa mimi nilikuwa nimeinama. Alimwuliza kwa adabu, "Mzee, watoto mlionao sasa wanatoka wapi?" Wanatoka Kilosa, Mvomero, Gairo, na wachache Chalinze. Tukaandika taifa, kwa sababu Chalinze iko mkoa wa Pwani na ngazi ya mkoa isingetosha. Mzee akaridhika, na ni kwa namna walivyomheshimu ndipo akaridhika. Ofisi nyingine ingemwandikia kimataifa, ikachukua hela yake na kumwacha ahangaike na masharti mbele ya safari.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa katiba. Tulienda na rasimu yetu, imechapwa na mpwa wa katibu, imejaa maneno mazito yaliyookotwa huku na kule. Kijana akaiweka mezani akachukua kalamu nyekundu. Alianza nyuma, jambo lililonishangaza, kwenye kifungu cha kuvunjwa kwa shirika. Sisi tulikuwa tumeandika kwamba shirika likivunjwa mali "zitagawiwa kwa wanachama kwa usawa". Akapiga mstari mrefu. Akasema hapo mnajieleza kuwa ni watu mliowekeza na mnangoja gawio. Badala yake akaandika kwamba baada ya kulipa madeni, mali iliyobaki itakwenda kwa shirika jingine lenye malengo yanayofanana, na hakuna mwanachama atakayepata chochote. Akarudi kwenye uongozi. Tulikuwa na "mwenyekiti wa kudumu". Mwenyewe alikuwa amekaa palepale, kofia mkononi. Kijana akasema, "Mzee, tukuwekee vipindi viwili vya miaka mitano mitano, halafu uwe mlezi." Mlezi! Neno lenyewe lilimfurahisha kuliko uenyekiti. Likapita.

Vilevile alitutenganishia bodi na watendaji. Katika rasimu yetu mimi nilikuwa mweka hazina, mjumbe wa bodi, na mtu wa kuidhinisha malipo niliyoyaandaa mwenyewe. Alipanga watia saini benki kwa makundi mawili, moja la watendaji na moja la bodi, hundi isipite bila mtu kutoka kila upande. Benki baadaye ilipotuuliza hilo swali tulikuwa na jibu lililoandikwa. Na benki zinauliza kwelikweli. FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kiliiweka Tanzania Oktoba 2022 kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, kikaitoa Juni 2025, na kipindi hicho chote mashirika kama yetu yalikuwa yanaangaliwa mara mbili: fedha inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, nani ana saini. Hata baada ya kutolewa, mazoea yamebaki.

Jambo jingine nililolipenda ni kwamba hawakukubali kutufanyia kila kitu. Barua ya utambulisho ya halmashauri walituambia tuifuate wenyewe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Wangeweza kutoza hela ya "kufuatilia". Walisema yule afisa ndiye tutakayekuwa naye miaka yote, ndiye atakayeletewa maswali kuhusu sisi, kwa hiyo atujue kwa sura. Ni kweli. Leo akiwa na mama mwenye mtoto wa mguu kifundo ananipigia mimi moja kwa moja.

Nyaraka zilirudishwa na Msajili kwa jambo dogo: majina ya baadhi ya waanzilishi kwenye muhtasari hayakulingana na ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kwenye muhtasari watu walijiandika wanavyojulikana mtaani. Ofisi ikasahihisha siku ileile bila kutudai senti, ikapandisha upya. Cheti kikatoka. Kinadumu miaka kumi, na maombi ya kukihuisha yanaanza miezi sita kabla hakijaisha. Hili waliliandika kwa wino kwenye jalada la faili letu. Walitukumbusha pia ada ya mwaka na taarifa ya mwaka ya shughuli pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Na kwa kuwa fedha za mfadhili wetu zilikuwa zinakaribia shilingi milioni 20, walituonyesha kanuni za 2018 kuhusu fedha zinazozidi kiwango hicho: mkataba unapelekwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kutiwa saini, na mapato na matumizi yanawekwa hadharani. Hadi hapo, kazi safi.

Sasa kodi.

Siku ya kukabidhiwa cheti niliuliza swali ambalo lilikuwa linanikera tangu mwanzo: kwenye kodi tunasimama wapi? Mkuu wa ofisi, baba mmoja mwenye sauti nzito ya kanisani, akanijibu, "Mama, NGO haina kodi. Hili ni shirika la hisani." Nikamwomba aniandikie sentensi hiyo kwenye karatasi yao yenye nembo. Akatabasamu. Hakuandika.

Nimekaa serikalini miaka mingi, najua mtu asiyetaka kuandika anachosema. Basi nikaenda mwenyewe kwenye dawati la elimu kwa mlipakodi la TRA (Mamlaka ya Mapato), nikamtafuta na binamu yangu ambaye ni mkaguzi wa hesabu, na kati ya hao wawili nikaelewa kile ambacho laki nane yetu ingepaswa kutuelewesha.

Cheti cha Msajili kinasema wewe ni NGO. Hakisemi kitu kuhusu kodi ya mapato. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, kifungu cha 64, shirika linatambuliwa kuwa la hisani baada ya Kamishna Mkuu kutoa uamuzi wa maandishi kwamba lina sifa hizo. Unaomba, unaambatisha katiba, cheti na maelezo ya kazi unazofanya, nao wanapima. Kabla ya barua hiyo kutoka, mbele ya sheria ya kodi wewe ni taasisi kama taasisi nyingine, na kiwango cha taasisi ni asilimia 30.

Na hata barua ikitoka, haimaanishi kwamba kodi imefutwa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo wenye vyeti ukutani. Shirika la hisani linahesabiwa kama linafanya biashara ya hisani. Misaada na michango inaingia kwenye mapato yake. Kinachopunguzwa kwenye mapato hayo ni kile kilichotumika kwa malengo ya hisani, na juu yake asilimia 25 ya mapato. Kinachobaki kinatozwa. Binamu yangu alinichorea hesabu ya juu juu nyuma ya bahasha. Chukua shirika lililopokea milioni 40 kwa mwaka, likatumia milioni 26 kwa watoto. Robo ya milioni 40 ni milioni 10. Toa 26, toa 10, zinabaki milioni 4 zilizolala benki, na asilimia 30 yake ni milioni moja na laki mbili. Kama fedha zile mliziweka kwa ajili ya mradi maalumu wa mwaka ujao, kuna nafasi ya kumwomba Kamishna aikubali akiba hiyo, ila unaomba, husubiri akuulize. Mweka hazina anayeambiwa "NGO haina kodi" hawezi kujua kwamba salio zuri mwishoni mwa mwaka, lile la kujivunia kwenye mkutano mkuu, lina swali lake.

Lililoniudhi zaidi ni lile lililotokea kwenye katiba. Ile ile niliyoisifu.

Msajili anaangalia kama kazi zako ni za NGO: hazigawi faida, si za kisiasa, zina maslahi kwa jamii. Eneo ni pana. Sheria ya kodi ina orodha yake fupi: kupunguza umaskini au dhiki ya wananchi, kuendeleza elimu, kutoa huduma za afya, elimu au maji kwa umma, kujenga au kutunza barabara. Na shirika liwe limeanzishwa kwa malengo hayo tu. Hilo neno "tu" ndilo lenye uzito. Sasa lengo letu namba sita, lililowekwa kwa heshima ya mwenyekiti na timu yake ya mtaa, lilikuwa "kukuza michezo na utamaduni kwa vijana". Kalamu nyekundu ililipita bila kuligusa. Kwa Msajili halina tatizo lolote. Kwa TRA linakufanya uonekane shirika lenye kazi nyingine nje ya zile zinazotambuliwa. Lengo namba nane liliruhusu "kuanzisha miradi ya kuwakopesha wanachama". Nalo lilibaki.

Katiba moja inasomwa na wasomaji wawili wenye macho tofauti, na ofisi ile iliiandaa kwa ajili ya msomaji mmoja. Kama kijana angekuwa na orodha ya kifungu cha 64 pembeni yake siku ile, angeyakata malengo hayo mawili kwa dakika moja, tukaendelea na chai. Badala yake tumelazimika kuitisha mkutano mkuu, kupitisha marekebisho, kuandaa muhtasari mwingine, kuyapeleka kwa Msajili na kungoja yakubaliwe kabla ya kugonga mlango wa TRA. Niliporudi kuwauliza, mkuu wa ofisi alisema marekebisho ni huduma nyingine na bei yake ni laki mbili na nusu. Yule kijana aliona aibu. Aliyafanya bure jioni, baada ya kazi. Kwa ajili yake nyota hazijashuka zaidi ya hapo.

"Ushauri wa kodi" wenyewe ulikuja kuwa ukurasa mmoja wa kunakiliwa: pateni TIN, wasilisheni ritani (taarifa ya kodi) kila mwaka. Basi. Hakuna aliyetuambia kwamba makadirio ya kodi ya mwaka yanawasilishwa mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, au kwamba ritani ya mwisho wa mwaka ina miezi sita baada ya kufunga hesabu. Wala hakuna aliyesema kwamba kutokuwa na kodi ya kulipa hakukuondolei wajibu wa kuwasilisha. Mashirika mengi madogo yanakamatwa hapo. Hayadaiwi kodi, yanadaiwa adhabu za kukaa kimya.

Na hakuna aliyetaja kodi tunazokata kwa niaba ya wengine, ambazo uhisani wako hauziondoi. Tumeajiri karani mmoja kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Anakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 40,000, nasi tunaongeza 40,000 nyingine. Kwenye 360,000 inayobaki, 270,000 haitozwi, na 90,000 iliyozidi inatozwa asilimia 8. Hiyo ni PAYE, kodi ya mshahara, ya shilingi 7,200, ambayo lazima ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni shilingi 2,000 kwetu waajiri. Tozo ya ujuzi haitufikii kwa sababu inaanza na waajiri wenye wafanyakazi kumi. Ni hesabu ndogo, karani mwenyewe anaweza kuzifanya kwa simu, lakini mtu lazima akuambie zipo.

Pango ndilo lililozua sinema. Chumba chetu ni 250,000 kwa mwezi, tunalipa miezi mitatu mitatu, 750,000. Ofisi ya ushauri ilinijibu kwenye simu kwamba kwa nyumba ya mtu binafsi "msihangaike". Binamu yangu akasema mhangaike: asilimia 10 ya pango inazuiliwa, na usipoizuia wewe unaweza kudaiwa wewe. Nikampelekea mwenye nyumba 675,000. Mzee alihesabu, akahesabu tena, akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, sabini na tano imekwenda wapi?"

"TRA, mzee wangu. Kodi ya zuio. Hii hapa risiti yake."

"Nyinyi si watu wa msaada? Watu wa msaada nao wanakata watu hela?"

Nilikaa naye barazani nikamweleza kwamba ile hela imelipwa kwa jina lake na TIN yake, si yetu, na atakapofanya hesabu zake na TRA ataikuta. Hakuridhika siku hiyo. Siku nyingine akaniita anionyeshe kwamba ofisi ya TRA imemkubalia ile karatasi kwenye hesabu yake ya mwaka. Sasa ananikumbusha yeye: "Mama, usisahau zuio." Na wanaotufanyia kazi za utaalamu, kama mkaguzi na mwezeshaji wa semina ya wazazi, tunazuia asilimia 5. Binamu yangu alikatwa pia. Hakufurahi.

Je, ni haki kuwapa ofisi ya usajili lawama za kodi? Nimejiuliza. Wangetuambia "sisi ni watu wa usajili, kwa kodi tafuteni mhasibu", nisingekuwa na neno, na laki nane ingekuwa bei ya haki kwa kazi ile ya katiba. Tatizo ni kuuza ushauri ambao hawana na kuufunga kwa kauli ya kujiamini. Sauti ya yule baba ndiyo inayowagharimu watu. Nimekutana na mashirika mawili waliopita palepale, moja la yatima na moja la maktaba ya kijiji, na wote walikuwa wameishi na sentensi ile ile ya "NGO haina kodi" kama vile ni aya ya sheria.

Nani aende kwao? Kikundi kinachoanza, chenye rasimu mbovu na mwenyekiti mwenye ndoto kubwa, kiende. Ukifika omba kijana wa katiba, usikubali kukalishwa na mkuu. Mwenye shirika lililokwisha kusajiliwa anayetaka kusafisha mambo yake ya kodi asiende, atalipia karatasi ya kunakiliwa. Bei inapungua mkiomba, sisi hatukuomba kwa nguvu. Na malipo yagawanywe mara tatu: la kwanza mwanzoni, la pili cheti kikitoka, la tatu siku maombi ya hadhi ya hisani yatakapopokelewa TRA kwa muhuri. Wakikataa la tatu, watakuwa wamekuonyesha mapema mpaka wa kazi yao, na utapanga bajeti ya mhasibu kuanzia siku hiyo.

Kabla hujasaini, chapisha ile orodha ya malengo yanayotambuliwa na kifungu cha 64, iweke juu ya meza pamoja na rasimu ya katiba, na mwombe anayeandika apitie lengo moja moja mbele yako akikuonyesha linaangukia wapi. Lile lisiloangukia popote, jadilianeni wakati bado ni rasimu. Mwenyekiti wetu amekubali timu yake ya mtaa ibaki ya mtaa.

Marekebisho yetu yamekubaliwa na Msajili. Maombi ya hadhi ya hisani yako TRA tangu mwezi uliopita, pamoja na hesabu zilizokaguliwa na taarifa ya kliniki. Wameshaniuliza swali moja, kuhusu nauli tunazowapa wazazi: tunathibitishaje kwamba aliyepokea ndiye mzazi wa mtoto aliye kliniki? Tumewapelekea daftari la saini na namba za kadi za kliniki. Uamuzi ukitoka nitaongeza hapa chini.